Sebule ya Mama Nyuma ya Kamba

Nyumba ile ile ya mtaa wa nyuma,
Mkabala na fundi matairi,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka yangu,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo lolote. Hujambo? Wifi hajambo? Na hao wanangu, shangazi yao nasikia wanakua kwa kasi mpaka viatu vinawakimbia, ni kweli? Natumaini mgongo wako umepata nafuu, maana mara ya mwisho ulisema unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Jipake dawa, usijifanye kijana.

Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako ni mzima, anakoroma kama kawaida yake na kukataa kwamba anakoroma. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za Mama nitazifikia, ndizo zilizonishikisha kalamu. Ningekueleza kwa simu, lakini simu hukatika nikiwa katikati ya kulia, na isipokatika wewe huniambia "hebu tulia kwanza" kabla sijamaliza. Barua itakubidi uisome mpaka mwisho.

Nianze na makumbusho, maana bila hayo hutanielewa. Unalikumbuka lile jengo la pampu za maji lenye madirisha marefu, tulilokuwa tukikatazwa kulikaribia? Wilaya imelikarabati. Wamepaka rangi nyeupe na kuweka sakafu inayoteleza, na sasa ndiyo makumbusho yetu. Chini ni ukumbi wa sanaa, ambako wachoraji wa vitongoji hivi hivi hutundika kazi zao: mzunguko wa barabara kuu siku ya mvua, foleni ya benki, tangi la maji, mbwa wa jirani. Usicheke, nyingine ni nzuri mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Juu ni historia: ramani za wakati huku kote kulikuwa mashamba, zana za viwanda vilivyofungwa, picha za watu waliojenga nyumba za kwanza.

Msimamizi wake ni bwana mmoja mwembamba, mpole, asiyevua glavu nyeupe hata akinywa chai. Mtaa mzima tunamwita Bwana Glavu. Anajua, wala hajali.

Mwaka jana Bwana Glavu alitangaza kwamba anataka kutengeneza sebule ya familia ya kawaida ya vitongoji vyetu, kama ilivyokuwa zamani. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba vitu. Alipofika kwetu na kuona vitu vya Mama, kidogo apige magoti. Makochi ya mbao yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, kabati la vioo, redio kubwa ya betri, cherehani, ile meza uliyoivunja mguu ukasema ni paka. Unajua Mama hakuwahi kutupa kitu. Mimi nilifurahi, sitaki kukudanganya. Nilikuwa nimechoka kufuta vumbi kwenye vile vichongo vya makochi kwa kijiti cha meno. Mama alikubali kuviazima, si kuvitoa, na hilo alilitamka mbele ya watu wote. Nami wiki hiyo hiyo nikanunua makochi ya sponji.

Sasa sikiliza jinsi Bwana Glavu anavyofanya kazi. Ana kanuni yake. Kwake yeye hakuna chumba cha "zamani" tu hivi hivi. Lazima uchague mwaka, na ukishauchagua, kila kilichokuja baada ya mwaka huo kinatoka. Akapekua picha zetu, akaipata ile iliyopigwa sebuleni, umevaa sare mpya ya darasa la kwanza, soksi zimepanda hadi magotini, Baba yuko nyuma yako na kofia ya kazini, Mama kakaa kitini ameshika ufumaji wake. Akasema mwaka wetu ni huu. Tukapanga kila kitu kwa kuifuata picha hiyo, kochi upande ule, redio juu ya kabati, mpaka kalenda ya ukutani akaisaka kwa watu akaipata. Saa ya plastiki ikatolewa. Pazia la maua likatolewa. Picha yangu ya utotoni, ile niliyokalishwa kwenye beseni, nayo ikatolewa, kwa kuwa mwaka ule nilikuwa bado sijazaliwa. Niliitoa mwenyewe huku nacheka, nikamwambia Bwana Glavu kwamba ananifukuza kwetu. Naye akacheka.

Mama alikuwa ameshaanza kusahau wakati huo, hilo nilikuandikia. Chumvi kwenye chai, funguo ndani ya friji, swali lile lile asubuhi nzima. Daktari alituambia ni maradhi ya kusahau ya uzeeni, kwamba yanakwenda mbele tu, hayarudi nyuma, na kubwa tunaloweza kufanya ni kutomgeuzia mazingira aliyoyazoea. Haya ya mazingira alituambia baada ya vitu kuondoka.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Mkuu wa wilaya alisoma hotuba ndefu, watu wakawa wanaegemea kuta. Mama nilikuwa nimemshika mkono. Tulipofika mbele ya sebule, iliyozungushiwa kamba nyekundu, akaniachia, akainua kamba kama mtu anayeinua kamba ya kuanikia nguo mlangoni kwake, akapita chini yake. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Akanyoosha kitambaa cha mkono wa kiti kilichokuwa kimekaa upande, akachukua ufumaji uliowekwa pale kwa maonyesho tu, akaanza kufuma. Watu walipiga makofi. Wengine walilia. Bwana Glavu akanong'ona kwamba hajapata kuona historia ikiwa hai namna ile. Mimi meno yote nje.

Basi ikawa ndiyo desturi. Mara chache kwa wiki kwanza, kisha kila siku. Asubuhi nampeleka, anakaa sebuleni mwake, wageni wanapita wanamtazama. Kaka, mwezi ule wa kwanza Mama alirudi. Hakurudia maswali. Mikono ilikumbuka kufuma mitindo ambayo mimi sijawahi kuiona. Aliwaeleza watoto wa shule bei ya mafuta ya taa na jinsi maji yalivyokuwa yakiletwa kwa mapipa, akawafokea wale walioingia na viatu. Niliporudi nyumbani nilimwambia shemeji yako kwamba daktari hajui kitu. Bwana Glavu akanipa kitambulisho cha kuvaa shingoni ili niweze kukaa naye humo, nikawa nasimama penye kamba najibu maswali ya wageni. Hata kofia ya Baba iliyotundikwa msumarini nilikuwa naieleza kama mtaalamu.

Sikujiuliza Mama amerudi wapi. Alikuwa amerudi kwenye ule mwaka.

Nilianza kulielewa jambo hili siku aliponiuliza, kwa adabu kabisa, kama ninaweza kumsogezea kigoda cha miguu. Akaniita "binti". Nikadhani ni mapenzi. Kesho yake akamwambia mgeni mmoja kwamba ana mtoto mmoja tu, wa kiume, ameanza shule mwaka huu, na mumewe yuko zamu ya mchana. Mgeni akanigeukia akitabasamu, akidhani ni mchezo tumeufanyia mazoezi. Nikatabasamu na mimi. Ungefanya nini?

Nyumbani ndiko kulikoharibika. Akiingia anasimama mlangoni kama aliyekosea njia. Anayatazama makochi yangu ya sponji, anaitazama televisheni, ananiuliza hapa ni kwa nani na kwa nini tumemleta. Nikimwambia ni kwake, anatazama chini, kama mtu mwenye haya ya kumwambia mwenyeji kwamba anasema uongo. Anakaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, anasubiri kupelekwa kwake. Hivyo hivyo mpaka usingizi umshinde.

Halafu kuna habari ya kumtoa makumbusho jioni. Hapa uniwie radhi, maana jina lako nimelitumia vibaya. Mlinzi akianza kuzima taa, Mama hakubali kuinuka. Anasema hawezi kutoka na mtoto hajarudi shuleni, atakuta mlango umefungwa. Tulimbembeleza, tukamdanganya kwa biskuti, tukamleta shemeji yako na sauti yake nzito. Wapi! Siku moja, kwa kuchoka, nikamwambia, "Bwana Mdogo yuko kwa jirani, twende tukamchukue." Unakumbuka ndivyo alivyokuwa akikuita. Akainuka mara moja, uso umechangamka, akanishika mkono akanikokota yeye mimi. Njia nzima ananieleza jinsi usivyopenda maziwa yenye utando.

Tukafika nyumbani, hakuna mtoto. Alilia pale pale mlangoni, bila sauti. Nikajua nimefanya unyama, na kesho yake nikaurudia, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kumtoa. Nikaurudia siku zilizofuata.

Kilichonitia baridi ni hiki. Mama hakumbuki alichokula muda mfupi uliopita. Hakumbuki kwamba Baba alifariki, na nimeacha kumwambia kwa sababu kila akiambiwa anafiwa upya. Lakini jioni moja nilipoanza kusema Bwana Mdogo yuko kwa jirani, alinikazia macho akasema taratibu, "Jana pia ulisema hivyo."

Alhamisi ndiyo siku ya wachoraji. Wale wa ukumbi wa chini hupanda juu na vigoda vyao kuchora vitu vya historia. Kuna mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa taratibu, mwenye penseli zilizochongwa zikatisha. Alikuwa akimchora Mama kwa wiki kadhaa. Alhamisi moja nilivua kitambulisho, nikashuka kunywa maji na kusengenya kidogo na mama wa mapokezi kwenye chumba cha nyuma. Niliporudi, mwalimu anaendelea kuchora, na kiti kitupu.

Nikamuuliza Mama yuko wapi. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba amekwenda msalani, na yeye anatumia nafasi hiyo kumalizia kiti. Nikaenda msalani, hakuna mtu. Nikarudi, nikatazama kabati. Mlango wa kioo ulikuwa wazi, na lile sweta lako la shule la kijani, ambalo Bwana Glavu alikuwa amelikunja kwenye karatasi laini kama yai, halipo.

Kaka, sijui nilishukaje zile ngazi. Unajua ile barabara ya mbele ya kituo cha mafuta siku hizi ni ya njia nne, magari hayapungui. Shule yako ya kwanza ilikuwa ng'ambo. Siku hizi si shule, ni ghala la matairi, lakini lango ni lile lile. Nilipofika barabarani nilisikia honi ndefu isiyokatika. Lori lilikuwa limesimama kati ya barabara, magari yamefungamana nyuma yake, na dereva ameshuka, anamvusha Mama kwa kumshika kiwiko. Mama anamshukuru, anamwambia asichelewe, watoto wanatoka.

Nilimkuta ameshika nondo za lango, sweta begani. Wafanyakazi wa ghala wanamtazama kwa huruma. Jasho linanitoka, machozi yananitoka, nikamkumbatia. Hakunikumbatia. Alinisukuma kidogo ili anione vizuri, akasema, "Wewe ndiye umemficha."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata pa kushika. Alisema kama mtu aliyelifikiria jambo siku nyingi na sasa amefika kwenye jibu.

Tangu siku hiyo hali chakula changu. Nyumbani sahani nikimwekea anaisogeza pembeni, anasema atakula kwake. Alianza kupungua mwili mbele ya macho yangu. Tulilifumbua kwa bahati tu. Jioni moja nilisahau kuvua kitambulisho cha makumbusho, nikamletea uji nikiwa nacho shingoni. Alikisoma, akanitazama usoni, akatulia. "Ah, ni wewe, binti wa makumbusho," akasema. "Umenifuata mpaka huku? Ahsante sana mwanangu." Akanywa uji wote.

"Mwanangu" alinena kama anavyomwambia muuza mboga. Lakini alikunywa. Basi siku hizi nyumbani kwangu mwenyewe, nikipika, nikifua, nikifagia, navaa kitambulisho. Shemeji yako alinitania siku ya kwanza, akaniuliza kiingilio ni bei gani. Siku ya pili hakunitania tena.

Uliposema kwenye simu kwamba tumtafutie nyumba ya kulelea wazee, kwamba wewe utachangia sehemu kubwa, sikukujibu, nikasingizia mtandao. Sikukasirika. Ulisema kwa nia njema, na uko mbali. Haya yanayofuata ndiyo majibu yangu, na nakuomba usiyapime kwa haraka.

Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Bwana Glavu alinieleza wiki iliyopita, ofisini kwake, akizungukazunguka kama paka anayetafuta pa kulala. Sebule imependwa mno. Makumbusho ya wilaya jirani yanaiomba, kisha mengine baada ya hayo, mwaka mzima wa kusafiri. Makochi, kabati, redio, kofia, kila kitu. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama Mama naye angeweza kupelekwa siku za ufunguzi, gari wangeleta wao.

Unanijua hasira zangu. Safari hii nilimtazama tu, nikaendelea kumtazama, mpaka akavua glavu. Ndiyo mara ya kwanza kuona mikono yake. Ni mikono ya mtu mzima, yenye mabaka. Akasema, "Samahani, dada. Nilikuwa nazungumzia vitu." Nikamwambia vitu ni vya kuazima, na wenyewe tunavitaka. Hakubisha. Aliuliza tu tutaviweka wapi.

Tutaviweka sebuleni, Kaka. Kwa kuifuata picha. Makochi ya sponji yanakwenda kwa mdogo wake shemeji yako. Televisheni inahamia chumbani kwetu, friji inarudi jikoni, pazia linabadilishwa, ukuta unapakwa ile rangi ya udongo ya zamani. Bwana Glavu amejitolea kuja kupanga mwenyewe. Shemeji yako aliuliza sisi tutakaa wapi wageni wakija. Nikamwambia jikoni, na wageni wetu wazoee. Alikuna kichwa, kisha akaenda kununua rangi. Ukimpata siku moja peke yake, mwambie ahsante, mimi nikimwambia anaona haya.

Nilimweleza daktari. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema huenda Mama akatulia, akala, akalala, asiende tena barabarani. Huenda pia akaingia katika mwaka ule na asitoke kamwe, hata kwa zile dakika chache za asubuhi ambazo bado huwa anatoka. Maana zipo, Kaka, sijakuambia. Asubuhi nyingine akiamka, kabla hajafumbua macho vizuri, huniita "Mziwanda wangu". Huwa ni muda wa kufunga kamba za viatu tu, kisha anaondoka tena. Mimi huamka mapema nikamkalia kando ya kitanda kuusubiri muda huo. Daktari akaniuliza kama nimefikiri mimi nitakuwa nani ndani ya hiyo sebule, na kama nitaweza. Nikamwambia nimefikiri. Sikumjibu la pili.

Juzi nilikuwa kwenye zamu yangu penye kamba. Wageni walikuwa wachache. Mama alinitazama nilivyosimama, akasema nitaota mizizi, niingie niketi. Hajawahi kunikaribisha kuketi. Nikainua kamba, nikakaa kwenye kochi la upande wako. Akaniuliza kama nimeolewa, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kazi hii inanilipa vizuri, nikasema inanitosha. Kisha akaacha kufuma. "Na mama yako yuko wapi?"

Nikasema yuko nyumbani, hajisikii vizuri.

Akasema, "Basi wewe unakaa hapa kunilinda mimi, na mama yako anaumwa? Nenda kwa mama yako, binti. Mimi wangu atakuja."

Nilikwenda. Nilishuka mpaka ukumbi wa sanaa nikasimama mbele ya picha ya foleni ya benki, nikalia mpaka mama wa mapokezi akaniletea kiti. Naumia. Nakuandikia hivyo hivyo bila kupamba: naumia, na nina wivu na mtoto wa darasa la kwanza mwenye soksi ndefu, ambaye ni wewe. Nimemwogesha Mama, nimemlisha, nimemkata kucha miaka yote hii, na anayesubiriwa ni wewe. Nimekasirika nawe kwa siku mbili nzima bila kosa lako lolote. Leo zimekwisha, ndiyo maana nimeweza kuandika.

Sasa ombi langu. Njoo. Usingoje likizo ya mwisho wa mwaka, njoo tukishapanga sebule, hata kwa wiki moja. Lakini uje ukijua haya. Umezeeka, mpenzi kaka, na umezeeka kwa sura ya Baba. Nikitazama picha aliyotuma wifi, zile ndevu, ule mwinamo, hofu inanipata. Sijui Mama atakuona nani. Huenda akakuita mumewe akakuuliza zamu ilikuwaje. Huenda akakuona mgeni mzee tu, akaendelea kutazama mlango akimsubiri Bwana Mdogo, na wewe umekaa mbele yake. Akikuita Baba, itika. Akikuita mgeni, vua viatu ukae kama mgeni. Usimwambie wewe ni nani. Nimeona uso wake akiambiwa ukweli, na sitaki wewe uuone.

Na ukibisha hodi, nitakayekufungulia ni mimi, na shingoni nitakuwa nimevaa kitambulisho. Mama atakuwa kitini, atakutambulisha kwangu, maana hajawahi kukosa adabu. Atakuambia huyu ni binti wa makumbusho, binti mwema, ana mama yake mgonjwa lakini haachi kuja kuniangalia. Tafadhali, Kaka, usiniite mdogo wako mbele yake. Usinikumbatie. Nipe mkono, uniulize habari za mama yangu, nami nitakujibu kwamba hajambo kidogo. Tutalia baadaye, jikoni.

Nisalimie wifi, mwambie vitambaa alivyoniomba vimo katika mafungu ya Mama na nitakupa urudi navyo. Wabusu watoto wote, hasa yule mdogo asiyependa kupigwa picha, ana akili. Mama mdogo anakusalimu, magoti yanamsumbua ila mdomo uko imara. Shemeji yako anakusalimu akiwa na rangi mpaka kwenye nyusi. Bwana Glavu naye, ambaye hakujui ila kwa soksi zako, anakusalimu.

Mungu akulinde safarini, akufikishe Mama akiwa bado anasubiri.

Wako nikupendaye sana,
mdogo wako, mtoto wa pili wa mama yetu, akijua asijue,

Mziwanda.